Unyaufu

Nafasi haitoshi, imeandika,
na daftari la msimu mpya limegoma nusu ya safari.
Ijumaa ni mnada. Leo Jumatano, saa nne usiku,
Kitangari imelala, betri ilikufa tangu masika,
luku imebaki yuniti mbili na ushei.

Nimeipakata (ndiyo maana ikaitwa mpakato)
kama mtoto aliyenyonya akapitiliza:
inahema kwa feni, ina joto la tumbo,
na kati ya kitufe cha N na cha M
salfa ya mwaka juzi bado ya njano.

Haya, cheua.
Filamu kumi na nane za Kikorea alizoniwekea Shaibu wa stoo;
nilitazama mbili, nikalia moja.
Programu ya kusafisha mashine, kumbe ndiyo taka kubwa kuliko zote.
Orodha ya wakulima. Orodha mpya. Orodha mpya kabisa.
Orodha hii ndiyo. Hii ndiyo, ya pili.
Zote zasema neno lilelile, kama walevi watano njia moja.
Tokeni.
Na kapu la taka nalo limejaa: kumbe ukifuta hujafuta,
umefagia tu ukaficha chini ya mkeka.

Bado haitoshi, inasema.

Kule ghalani tuna neno, unyaufu.
Gunia likilala miezi miwili, korosho hukauka,
kilo themanini huamka sabini na tisa,
na hashtakiwi mtu; tunaandika, tunagonga muhuri.
Humu ndani hakuna unyaufu.
Harusi yangu ina uzito uleule wa siku ile,
picha mia sita na kumi, megabaiti nne kila moja,
hata ile mpiga picha aliyopiga viatu vyangu peke yake,
hata ile Nassoro ananitazama
kama mtu aliyesikia bei imepanda.
Sasa yuko Nachingwea, ana maduka mawili
na mke mmoja, ambaye si mimi.
Mimi nimenyauka. Picha hazijapungua hata baiti.

Mwenyekiti alipiga simu jioni:
"Futa za misimu ya nyuma, zile zimeshalipwa."
Nikafungua folda ya mwaka juzi, kidole tayari.
Stakabadhi zilizopigwa kwa simu, na vivuli vya vidole juu yake,
na mojawapo ya Bi Somoe Nang'unda:
kilo mia mbili kumi na mbili kwenye mzani,
mia moja sitini na nne kwenye malipo.
Arobaini na nane.
Huo si unyaufu. Korosho haikauki hivyo
hata ungeianika Jehanamu.

Alikuja ofisini mara tatu. Mara ya tatu hakukaa,
alisimama mlangoni akikunja ncha ya kanga,
akasema, "Mimi sijui kusoma, lakini kubeba nilibeba."
Nikamwambia nitaangalia.
Sikuangalia. Nilisema mashine nzito.

Picha yake ni kilobaiti mia tatu.
Nikiifuta sipati nafasi hata ya filamu ya dakika moja.
Ndicho kitu chepesi kuliko vyote humu
na kidole changu kimeshindwa kukiinua.

Basi harusi ikaondoka.
Nimeichagua yote, mashine ikaniuliza, una uhakika?
Shehe naye aliuliza hivyo, nikajibu upesi.
Safari hii nimekunywa maji kwanza.
Picha ya viatu nimeibakiza.
Vilikuwa vizuri vile viatu, na nilinunua mwenyewe.

Daftari limefunguka, jeupe, safu tupu mpaka chini.
Mstari wa kwanza, kabla ya kilo yoyote ya mwaka huu,
kabla mwenyekiti hajaamka:
Nang'unda, Somoe. Anadai kilo arobaini na nane.

Luku inalia.
Nahifadhi.