Zamu ya Saa Tisa

Simu ililia saa tisa na dakika kumi na saba.
Ujumbe ulikuwa namba tupu:
nyuzi za mbingu, sekunde, kadirio la kosa.
Huko juu darubini ilikuwa imekwisha kugeuka.
Haikuniuliza. Haijawahi kuniuliza.

Sekunde tisini na moja baada ya mwako wa gama
ilikuwa imelikodolea jicho lake
mahali ambapo jana hapakuwa na kitu.

Nje, theluji ya Februari imeziba barabara ya Belleville.
Ng'ambo ya kilima taa ya zizi la baba inawaka:
naye ana zamu yake, ng'ombe arobaini na wawili
wasiojua Jumapili wala msiba.
Nilipopata kazi hii aliniuliza,
"Hicho kinacholipuka, kilikufa lini?"
Nikamwambia, kabla dunia haijawa dunia.
"Basi unakimbilia nini, Lovina?"

Nakimbilia dakika kumi za mwanzo, baba.
Nuru imetembea miaka bilioni kumi na ushei
ikafika kwetu na haraka ya mgeni
aliyerudi kuchukua mwavuli tu.

Na urujuanimno haufiki chini. Hewa yetu huula,
na heri iule, ungetubabua;
ila kinachotukinga ndicho kinachotuficha.
Ndiyo maana tukapeleka juu kioo
kisichozidi upana wa ndoo yako ya kukamia.

Kichujio cheupe: doa,
kama tone la maziwa kwenye aproni nyeusi.
Cha buluu: doa.
Cha urujuani: hafifu, nikakaza macho.
Cha urujuanimno, cha kwanza: hakuna.
Cha pili: hakuna.
Cha tatu: chenga za kamera, na giza.

Mwingine angesema tumekosa.
Mimi niliketi wima, blanketi likaanguka.
Haidrojeni iliyotanda kati ya galaksi
huinywa miale hiyo, funda kwa funda,
na kadiri njia ilivyo ndefu ndivyo rangi zinavyopungua.
Nimejifunza kumjua msafiri
kwa alichoporwa njiani.

Nikampigia Yanira, kwenye mlima wake wa Chile,
mwenye kioo kinachoweza kumeza nyumba yetu.
"Lifuate, linafifia."
"Huku mawingu. Nusu saa."
Nusu saa! Tusi lililofuata lilikuwa la Kihispania
na sikuhitaji mkalimani.

Kwa hiyo tulibaki na kijicho chetu.
Niliandika taarifa, mistari sita,
na neno "halikuonekana" mara tatu,
nikilipiga chapa taratibu kuliko mengine.

Kulipopambazuka nilivuka kilima, theluji magotini.
Baba hakuuliza kitu. Alinyanyua taa
akanionyesha ndama aliyezaliwa saa tisa na robo,
amesimama kwa miguu inayobishana, mvuke ukimtoka.
Dakika mbili kabla ya simu yangu.
Nilifungua kinywa, nikakifunga.
"Shika gunia," alisema baba,
nasi tukamkausha, mgongo kwanza, kisha masikio,
maana baridi ilikuwa kali.