Kilo Ishirini na Tano

Miwani naiacha ndani ya soksi, soksi ndani ya kiatu,
kiatu dirishani, mbali na visigino vya watu.
Kuanzia hapo ukumbi wote unamwagiwa maziwa:
ukuta wa chokaa, kimono nyeupe, wapinzani weupe.
Juzi niliinama kwa heshima zote
mbele ya koti la Metre Paluku lililotundikwa nguzoni.
Koti halikurudisha salamu.
Walicheka hadi mabati yakaitika. Mimi pia nilicheka,
nikachelewa kidogo tu,
kama mtu anayepapasa mlango wa kicheko.

Mimi ni fundi cherehani, Ndosho, kibanda cha tatu baada ya bomba.
Uzi nautunga sindanoni kwa ncha ya ulimi.
Daktari wa macho aliandika namba,
akaikunja karatasi kama barua ya msiba,
akasema: mama, epuka kuanguka.
Nikatoka kwake nikaenda kujiandikisha judo,
maana kuanguka nilikuwa naanguka tayari,
hapa Goma, juu ya mawe ya volkeno,
bila mtu wa kunifundisha.

Miezi miwili nilijifunza kuanguka.
Kidevu kifuani. Kiganja kipige mkeka kabla mgongo haujafika.
Mkeka wenyewe ni magunia yaliyoshindiliwa maranda,
juu yake turubai. Nani aliyelishona? Mimi.
Wenzangu walitaka kutupa. Mimi nilitaka sakafu.
Nikazoeana nayo kama jirani mkali
ambaye ukimwahi kwa salamu hana neno.

Najua unachongoja. Unangoja umeme ukatike,
giza liwasawazishe wote,
nami mzoefu niwaangushe mmoja mmoja kama ndizi mbivu.
Umeme ulikatika, ndiyo, Alhamisi moja.
Nikajigonga nguzoni, ile ile yenye koti.
Macho mabovu si macho ya usiku.
Hayakufichi zawadi kwa nyuma. Ni mabovu, basi.

Lakini liko hili.
Ngumi siiwezi: ngumi hutoka ng'ambo ya ukungu,
nikiijua imekwisha kunijua.
Judo huanza pale mikono inapofika.
Kushoto nashika kiwiko cha kimono, kulia kola,
na yale maziwa yanaganda.
Kimono hizi nilizishona mimi, kumi na nane, kwa magunia ya unga,
kwa deni ambalo Metre hulipa kwa ahadi.
Nikishika tu najua:
mshono umeruka nukta tatu, siku ile ya mvua ya mawe,
huyu ni Kavira.
Pindo nene, nililiacha kwa ajili ya mtoto anayekua,
huyu ni Muhindo, na pindo limekwisha, na sijui lini.

Jumamosi alikuwa Kavira.
Alinizungusha, akanivuta, akanizungusha tena,
shingo yake ikinukia sambaza alizokaanga alfajiri.
Kisha uzito wake ukahamia mguu wa kulia,
polepole, kama anayechungulia sufuria ya mwingine.
Nikaingia.
Nyonga yangu chini ya nyonga yake,
na ule muda mfupi ambao hakuna anayemiliki miguu yake.
Mkeka ukakohoa maranda.

Nikabaki nimembana, uso wangu juu ya kifua chake,
vidole vinne tu kati yetu,
na hapo, chini ya kola, maandishi ya gunia
ambayo sabuni imeshindwa kuyamaliza,
ya buluu, wima, hayatetemeki hata kidogo:
UZITO KILO 25.
Mwaka mzima humu ndani sijawahi kusoma kitu.
Nikayasoma kwa sauti.

"Gunia limesema uongo," akasema Kavira.
"Mimi ni sitini na moja. Niachie nipumue."