Pipa la Eduvigis

Mchoro wa kwanza ulipendeza mno:
magurudumu manne, kifuniko cha kijani,
kibao cha kukunja ubavuni kama sikio la punda.
Tukaupandisha vilimani, Valparaíso.

Eduvigis, mfagiaji wa vichochoro vile,
akalizunguka pipa, mikono kiunoni.
"Na nikikaa, litanishusha mpaka bandarini?"
Nahuel akacheka.
Mimi, mchomeleaji, sikucheka:
nilikuwa nimeliona jiwe mfukoni mwa aproni yake,
jiwe la kukingia gurudumu,
limelainika kama sabuni.

Usiku tukaanza upya.
Springi chini ya kibao, waya, breki:
uzito wa mtu ndio ufunguo.
Ukikaa, linashika. Ukiinuka, linakwenda.
Harufu tukaipa mlango wake wa nyuma.

Jumanne akaketi.
Kwanza nusu tako, kama mgeni;
kisha mzima mzima, akashusha pumzi.
Pipa kimya.
Miaka ishirini na sita anasukuma taka za watu,
hakuna aliyemwambia karibu kiti.

Akavua kiatu, akakung'uta kokoto.
Jiwe lake hakulitupa.
Alilitoa, akaliweka kando yake kibaoni,
nalo lipumzike.