Si Tango la Kachumbari

Mwanzo walitucheka sana Ngamiani:
"Mnafundishana tango? Kulimenya au kulikata?"
Tukacheka nao. Neno lilikuwa lao kabla halijawa letu,
na kwa utani, Tanga humshindi mtu.

Alhamisi ni ya Mwalimu Semkiwa.
Alikuwa mpishi wa meli miaka kumi na mmoja,
akaachwa Rosario na homa ya matumbo,
akarudi na viatu vya ngozi, soli laini kama ulimi,
na hesabu ya hatua nane.
Ghala la mkonge, barabara ya kwenda bandarini,
nyuzi bado zimenasa kwenye nyufa za mbao,
yeye anapita katikati yetu na rula ya mwashi:
"Bega. Bega, Mwantumu! Hubebi machela, hapa si Bombo."
"Shebughe, kifua kiseme kwanza, mguu uitikie."
Tunalipa elfu tatu, tunatoka tumelowa jasho,
tumejifunza kuogopa vizuri zaidi.

Jumamosi ni yangu.
Siku sita natengeneza simu Barabara ya Tisa;
ya saba nahamisha spika mbili na kompyuta yenye ufa,
naitwa dijei.
Watu wanadhani kazi ni kubonyeza.
Kazi ni kusoma migongo.
Nyimbo nne, za bendi moja, za miaka ya karibu:
wenyewe wanaita tanda,
nami neno sikulitafsiri, maana hata wingu hutanda.
Kisha pazia, kipande cha muziki mwingine;
mimi naweka chakacha, sekunde thelathini,
watu waachane, wanywe maji,
macho yatafutane upya.
Kwani hapa huombi kwa mkono wala kwa mdomo.
Unatazama. Ukitazamwa, unainamisha kichwa kidogo.
Ukikwepwa, ulikuwa unaangalia feni.

Na kila Jumamosi, kutoka mezani, niliona jambo moja:
Mwalimu amekaa karibu na mlango, viatu vinang'aa,
na ukumbi mzima unaangalia feni.
Nani atake kusahihishwa usiku wa raha?
Wote aliowafundisha kutembea
wanatembea mbali naye.

Kwangu huja kulaumu tu.
"Besi nyingi. Kinanda cha mvukuto kinazama."
"Wimbo huu wanafunzi hawajauweza."
"Mwalimu," nikamjibu, "Jumamosi hakuna wanafunzi."
Tukanuniana masika nzima.

Juzi, saa tano kasoro, imebaki tanda ya mwisho.
Mimi mwenyewe sichezi. Mpishi wa shughuli hushiba moshi.
Sijui nini kilinisukuma:
nikapanga nne, nikaziacha ziende zenyewe,
nikaizunguka meza,
nikamtazama.

Akageuka kuona nyuma yake kuna nani.
Kulikuwa na ukuta.

Hatua ya kwanza, akaniambia: "Bega."
Nikasubiri la pili. Halikuja.
Midomo yake ilihesabu, kimyakimya, mpaka nane;
wimbo wa pili ikafika tano,
wa tatu ikafumba.
Mkono ulinukia vitunguu. Bado anapika, basi,
sufuria moja, sahani moja.
Alinikanyaga mara moja.
Sikusema "mguu."

Wa nne ukaisha na mezani hapana mtu.
Hapana wa kuvuta pazia.
Kompyuta ikajiendea kwenye faili lililofuata,
na sauti yangu mwenyewe ikajaa ghala:
"Kioo kimepasuka? Chaji haiingii?
Njoo Barabara ya Tisa, mkabala na mashine ya kusaga!"

Watu wakacheka mpaka Shebughe akakaa chini.
Nami nikataka kukimbilia meza,
lakini Mwalimu hakuniachia mkono.
Alisimama wima, kichwa upande,
kama mtu anayeonja mchuzi.
"Ngoja," akasema. "Hili nalo lina mdundo."

Na kweli, tulipoanza kutembea, lilikuwa nao:
chaji, haiingii,
chaji, haiingii.