Hesabu ya Chaki

Jina la Suwesi nililisikia mara ya kwanza
kwa wakala wangu wa forodha, Bwana Kilufya,
amesimama mlangoni pa chumba changu cha ushonaji, Kamalondo,
kofia mkononi kama mtu aliyeleta habari ya msiba.
"Mama Masengo, meli imekwama."
Imekwama wapi?
"Mferejini."

Mfereji ninaoujua mimi hupita nyuma ya choo.
Hufurika Januari, hunuka Septemba,
watoto huuruka wakienda shule.
Nikacheka. Meli gani ya kukwama humo?

Yeye hakucheka.
"Iliyokwama si yetu. Yetu iko nyuma yake,
na nyuma ya yetu kuna foleni."

Cherehani kumi na mbili, mitumba ya Ubelgiji,
fedha ya likelemba ya wanawake tisa,
miezi kumi na minne ya bukari na sombe, sombe na bukari.

Mpwa wangu Numbi akafungua simu, akanionyesha:
mstari mwembamba wa buluu, mchanga huku, mchanga kule,
na meli imekingama katikati
kama mwiba wa samaki kooni.

Hapo nikaelewa, maana ndiyo kazi yangu.
Mtu alitandaza nchi mezani kama kitambaa,
akapiga chaki, akasema: kata hapa.
Bahari hii ishonwe na ile,
safari ya kuzunguka bara zima ifupishwe
kama pindo la sketi.

Numbi akaendelea kusoma. Miaka kumi ya kuchimba.
Mwanzoni ni wakulima, wametolewa mashambani kwa amri,
wana vikapu, wana mikono.
Wangapi walifia pale?
Akateremsha kidole, akakipandisha.
"Shangazi, kila ukurasa una idadi yake."
Na meli zilizopita?
Hizo zimeandikwa moja moja, pamoja na ushuru zilizolipa.

Nikanyamaza.
Babu yangu aliletwa mji huu kutoka Kabongo,
karatasi mfukoni, dole gumba limepakwa wino.
Alikoroga moto wa mukuba chini ya lile bomba refu
mpaka kifua kikaanza kupiga filimbi usiku.
Kilima cheusi cha mabaki yake bado kipo,
wageni hukipiga picha.
Mukuba ulipanda treni, ukapanda meli,
ukapita wapi, sijui,
babu naye hakuambiwa.

Siku ya sita meli ikanasuka. Numbi akapiga makofi.
Mimi nikachukua chaki nikaandika ukutani:
kontena kukaa bandarini Dar,
lori kulala Kasumbalesa siku tisa,
dereva kula siku hizo tisa,
mkono wa Kilufya,
mkono ulio juu ya mkono wa Kilufya,
na Mama Ngoie, ambaye zamu yake ya likelemba ilifika
mtoto akiwa hospitali ya Sendwe
na kibubu hakina kitu.
Nikajumlisha mara mbili. Mara ya pili ikazidi.

Cherehani zilifika Juni, asubuhi ya baridi,
tukitoa mvuke mdomoni kama masufuria.
Mbili zilikuwa zimekufa kwa kutu.
Kumi zilisema.

Agosti akaja Mama Kapya kwa ajili ya sare ya bintiye,
shati jeupe, sketi ya buluu.
Nikamtajia bei. Akashika kiuno.
"Mwaka jana haikuwa hivyo, Masengo."
Nikamwambia, meli ilikwama mferejini.
Akatazama nje, nyuma ya choo,
akacheka hadi akakaa kwenye benchi.

Nikampunguzia kidogo, si sana.
Nikatandaza ile buluu mezani, nikapiga mstari wa chaki
kutoka ukingo mmoja hadi mwingine.
Mkasi ulikuwa tayari mkononi.
"Kata basi," akasema, "mbona unakitazama?"