Tumbo la Ukuta

Uliahidi Mei, Rosaire. Mei ikaja na mbu wake,
ikaenda. Ukapiga simu kutoka Alberta:
zamu zimeongezwa, bomba limepasuka, labda Agosti.
Nikasema sawa. Nikakata simu,
nikaenda kuchimba.

Hapa Lamèque ardhi huganda futi nne,
na msingi usiofika chini ya baridi
hung'olewa kama jino bovu.
Nikachimba futi tano. Ya tano ni ya hasira.

Vitalu vilikuja kwa lori, mia mbili na sitini,
povu jeupe huku na huku, katikati uwazi,
na vishikio vya plastiki vimefumana
kama vidole vya anayesali.
Aliyevileta akauliza, "Wanaume wako wapi?"
Nikamwonyesha glavu zangu mbili.

Ni vyepesi, hutaamini. Nilibeba vinne kwapani kama mikate.
Ndiyo maana upepo wa ghuba
uliviiba usiku mmoja wa Juni,
asubuhi nikavikuta shambani kwa Ulysse Chiasson,
vimelala kati ya viazi kama kondoo waliochoka.
Ulysse hakucheka. Alivikusanya nami,
akarudi kwenye viazi vyake.

Mkono mmoja haulei mwana, walisema.
Kweli. Lakini mimi silei, napanga:
kitalu juu ya kitalu, meno kwenye meno,
kiungo kisiangukie kiungo,
nondo ya kulala, nondo ya kusimama,
waya, koleo, zungusha mara mbili, kata.
Pimamaji ndiyo niliyozungumza nayo;
kipovu kikienda kushoto, nami kushoto.
Ncha ya pili ya uzi haikuwa na wa kuishika,
nikapigilia msumari,
nikauita Rosaire. Usikasirike.
Ulikuwa msumari mwaminifu.

Kila nilipokata, chembe za povu ziliniganda:
nyusi, chupi, hadi kwenye siagi.
Julai nzima nilikunywa chai yenye theluji.

Kisha siku ya zege.
Siku hiyo hakuna aliye peke yake, hata akitaka.
Lori la kwanza saa moja, la pili limeshatoka kiwandani,
na zege halimngoji mtu amalize kusali.
Jérémie, kijana wa pampu, mpira begani
mzito kama chatu aliyeshiba, akaniambia:
nusu mita, zunguka nyumba yote, nusu mita tena,
usiwe na pupa, mama.
Nilikuwa juu ya jukwaa, nimezamisha kitetemeshi ukutani,
nasikia kokoto zikitafutana mahali pa kukaa,
ndipo kona ya kaskazini ikalia.
Sauti ndogo tu, kifungo cha shati kikikatika.
Povu likaanza kuvimba.
Niliita jina. Sikumbuki lipi.

Pampu ikazimwa. Dereva wa lori la zege,
mtu mwenye wajukuu, akaruka chini
akaegemeza mgongo wake pale, mgongo mzima,
nami nikashuka na ubao, skrubu kumi na sita, gogo la mwerezi.
Dakika tisa mgongo ule ulishikilia nyumba yangu
na hata sikujua anaitwa nani.
Edgar. Anaitwa Edgar.
Nilimpa chai; yake nayo ilikuwa na povu.

Zege likashika, na tumbo lake.
Mkaguzi alilipapasa, akasema lichongwe,
lipigwe lipu juu yake, hakuna atakayejua.
Nimeliacha.

Sasa ni Novemba. Paa lipo; dirisha moja bado ni turubai.
Huko nje upepo unazungusha mapangaboi ya umeme,
humu ndani siusikii. Nasikia saa.
Nasikia tumbo langu mwenyewe likinguruma.
Kimya hiki hakikuwamo kwenye ramani,
na sijui bado nikiweke wapi.

Ukija, Krismasi au lini,
usiniulize niliwezaje peke yangu.
Ingia, pitisha kiganja kona ya kaskazini
mpaka ukuta ukuvimbie mkononi.
Na ule msumari upo.
Nimetundika koti.