Nyuzi za Keko

Jedwali nyuma ya kitabu linasema nyuzi ishirini na tano.
Za wapi hizo?
Keko, saa nane mchana, umeme umekatika,
Sikudhani anapima: thelathini na tatu.
Kipimajoto kakitoa maabara bila kuaga.

Jedwali linasema pia: chanya tano.
Yaani mmenyuko hauendi,
kila kitu kikiwa sanifu, kipimo kimoja kimoja,
pasipo jasho.
Lakini chupa yake si sanifu:
zao sehemu tano, vitendanishi mia.

Joto analigeuza kelvini, mia tatu na sita,
anazidisha kwa R, anatafuta logi asilia;
kikokotoo kinafifia, anakisogeza dirishani.
Hasi tatu, karibu.
Nyongeza yote: hasi saba nukta sita.

Uani mama anaopoa maandazi yaliyoiva
kabla hayajabanana, anatosa mengine.
“Yakijaa,” asema, “karai linasusa.”

Tano, toa saba nukta sita.
Kalamu inasita kwenye alama.
Hasi mbili nukta sita.
Unakwenda!

Kitabu hakikudanganya,
ila hakijawahi kufika Keko.